Beijerinck, Profesa Mkali wa Vijidudu vya Udongo

Kwenye kozi ya sayansi ya udongo kuna jina moja tunalolipita mbio mbio. Linakaa kwenye slaidi moja, pembeni limeandikwa mwaka 1888, halafu mhadhiri anahamia slaidi inayofuata. Kwenye mtihani linakuja kama swali la alama mbili: nani alikuwa wa kwanza kutenga bakteria wa vinundu vya mizizi ya mikunde? Unaandika Beijerinck, kama umebahatika kukumbuka herufi zake zote, unachukua alama zako, mnaachana hapo.

Mimi nasoma kilimo, mwaka wa tatu, na nimeona tusiachane naye kirahisi hivyo. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, mkulima mdogo anayesubiri urea ishuke bei anaweza kupata sehemu ya naitrojeni yake kwa njia ambayo huyu jamaa aliifungua zaidi ya miaka 130 iliyopita. Pili, alikuwa aina ya mwalimu ambaye sisi wanafunzi tunamsema usiku kucha mabwenini. Nataka tumtazame kwa pande zote mbili, kazi yake na ubinadamu wake.

Jina lake kamili ni Martinus Willem Beijerinck. Waholanzi hulitamka karibu na "Beyerink". Alizaliwa Amsterdam tarehe 16 Machi 1851. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, na biashara hiyo ikaanguka mtoto akiwa bado mdogo. Familia ikahama mji, baba akaenda kuwa karani kwenye shirika la reli. Hela ya kumsomesha kijana mpaka chuo haikuwepo. Ndugu wa ukoo ndiye aliyebeba gharama. Wengi wetu hapa tunaielewa hiyo habari bila kuelezwa. Kama si shangazi mwenye genge au baba mdogo mwenye pikipiki mbili, wengine tusingekuwa tunasubiri bumu leo.

Akasoma kemia katika chuo cha ufundi cha Delft na kumaliza mwaka 1872. Rafiki yake mkubwa pale alikuwa J. H. van 't Hoff, ambaye mwaka 1901 alikuwa mtu wa kwanza duniani kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Beijerinck yeye moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Alikwenda Leiden, na mwaka 1877 akapata udaktari kwa kazi aliyoifanya juu ya vivimbe vya mimea. Ni vile vivimbe unavyoviona kwenye jani au kijiti pale mdudu alipotaga yai. Mmea unavimba na kumzungushia yule mdudu chumba, na ndani yake anakula na kukua.

Shikilia jambo hilo la vivimbe, maana ndilo lililomtayarisha kwa kazi ya baadaye. Kinundu cha kunde nacho ni chumba ambacho mmea unamjengea mgeni. Tofauti ni kwamba mgeni wa kwenye kinundu analipa kodi.

Kuanzia 1876 alifundisha katika shule ya kilimo ya Wageningen. Mshahara wa ualimu ulimpa riziki, lakini darasa halikuwa mahali pake. Mwaka 1885 mwenye kiwanda kimoja cha hamira na spiriti mjini Delft, van Marken, akamwajiri kama mtaalamu wa bakteria na kumjengea maabara. Kiwanda kilitaka hamira bora. Beijerinck aliifanya kazi ya hamira, lakini pia alipewa nafasi ya kufuata maswali yake mwenyewe, hata yale yasiyoingiza senti kiwandani. Moja ya maswali hayo lilihusu mizizi.

Wakulima walijua tangu enzi za Warumi kwamba shamba lililopandwa mikunde hulipa vizuri msimu unaofuata. Walichokosa ni sababu. Hewa tunayovuta ina naitrojeni karibu asilimia 78, ila mmea hauwezi kuichukua ikiwa hivyo ilivyo. Ni kama kukaa juu ya ghala lililofungwa huku una njaa. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alisimama Berlin na kueleza majaribio aliyofanya na mwenzake Wilfarth. Walipanda njegere kwenye mchanga uliochomwa mpaka hauna kiumbe hai na hauna naitrojeni. Njegere zikadumaa. Zile walizozimwagia maji yaliyochanganywa na udongo kidogo wa shambani zikaota vinundu, zikapata kijani, zikaendelea. Shayiri haikufaidika na ujanja huo. Kwa hiyo kuna kitu hai udongoni kinachoingia kwenye mzizi wa njegere na kuufungulia lile ghala.

Lakini ni kitu gani hicho? Wapo waliosema vile vitu vidogo vinavyoonekana ndani ya kinundu ni chembe za protini za mmea wenyewe. Wapo waliosema ni kuvu. Kuumaliza ubishi kulihitaji mtu wa kukitoa kile kiumbe, kukikuza peke yake, kisha kukirudisha kwenye mmea na kuona kama kinundu kitaota tena.

Beijerinck alifanya hivyo, na njia aliyotumia ndiyo inayonivutia zaidi. Alijiuliza kwanza kiumbe kile kinapenda kula nini. Akachemsha majani ya mikunde, akachukua supu yake, akatia sukari kidogo na asparajini, halafu akaigandisha kwa jelatini. (Hii ndiyo supu pekee inayompa mtu heshima chuoni.) Juu yake akapaka kilichotoka ndani ya vinundu vilivyosafishwa vizuri. Makundi ya bakteria yakaota. Mwaka 1888 akatangaza matokeo na kuwaita Bacillus radicicola. Mwaka uliofuata Mjerumani Frank akaleta jina Rhizobium, ambalo ndilo tunalotumia mpaka leo. Kisha Beijerinck akachukua bakteria aliowakuza na kuwapa mimea ya maharage mapana iliyokuwa haina vinundu, na vinundu vikaota. Ubishi ukaisha.

Kuna jambo moja lilimsumbua. Bakteria wake walipokuwa peke yao kwenye kisahani hawakuonyesha kukamata naitrojeni yoyote. Walifanya hivyo ndani ya mmea tu. Yeye hakuandika zaidi ya alichokiona, na suala hilo likabaki wazi kwa muda mrefu sana. Mpaka mwaka 1975 ndipo maabara kadhaa zilipofanikiwa kuwafanya baadhi ya bakteria wa jamii hiyo wakamate naitrojeni nje ya mmea, tena kwa kuwapunguzia oksijeni. Kumbe kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kinaharibiwa na oksijeni. Ndani ya kinundu mmea unatengeneza protini nyekundu, ndugu wa ile ya kwenye damu yetu, ili kuidhibiti hewa hiyo. Ndiyo maana ukipasua kinundu kinachofanya kazi unakuta rangi ya waridi au nyekundu. Ukikuta cheupe au cha kijani, ujue kazi hakuna, au imekwisha.

Mwaka 1895 chuo chake cha zamani cha Delft kilimrudisha kama profesa, na miaka miwili baadaye akapata maabara mpya yenye nyumba ya kuishi iliyoungana nayo. Hakuoa. Aliamini kazi ya sayansi na ndoa havikai chungu kimoja. Aliishi na dada zake wawili, akivuka mlango kutoka meza ya chakula kwenda kwenye hadubini.

Waliomjua wamesimulia kwamba alikuwa mkali kupita kiasi. Aliwakemea wanafunzi, aliwadharau, na marafiki wake walikuwa wachache. Wanafunzi waliovumilia mpaka mwisho hawakuwa wengi. Sitaki kupamba hapa. Tunayo tabia ya kusema kwamba mhadhiri mkali ndiye anayejenga, na kwamba ukidisko mikononi mwa mtu mwenye akili basi kosa ni lako. Mimi sikubali. Ukali wa Beijerinck haukumsaidia bakteria hata mmoja kuota. Kilichowaotesha ni upole wa ajabu ambao aliwapa vijidudu na kuwanyima watu.

Naita upole kwa sababu ya njia aliyoijenga pale Delft. Wenzake wengi walitafuta bakteria kwa kuwinda: unachukua sampuli, unatazama, unahesabu kilichopo. Yeye alitengeneza mazingira ambayo kiumbe fulani pekee atayafurahia, akatia udongo kidogo, akasubiri. Unataka kiumbe anayekamata naitrojeni akiwa huru, bila kuishi ndani ya mmea? Weka maji yenye sukari aina ya manitoli na madini, usiweke naitrojeni hata chembe, yamwage kwenye chombo yawe kina kifupi ili hewa ipite, kisha tia udongo wa bustani. Asiyeweza kujitafutia naitrojeni hewani atakufa njaa. Anayeweza atazaana. Baada ya siku chache utando ukatanda juu ya maji, na hivyo mwaka 1901 dunia ikamjua Azotobacter.

Wazo lililo chini ya njia hiyo ni kwamba vijidudu vya kila aina vimetapakaa karibu kila mahali, na mazingira ndiyo yanayochagua nani astawi. Mkulima akilielewa hilo, ameelewa nusu ya kazi. Udongo uliochomwa moto kila mwaka, usio na samadi wala mabaki ya mazao, wenye asidi kali, unachagua wakazi wake. Udongo wenye mboji unachagua wengine.

Kabla ya hapo, mwaka 1898, alikuwa amefanya jambo lingine ambalo kwa watu wengi ndilo lililompa jina. Tumbaku ilikuwa na ugonjwa wa batobato. Adolf Mayer, aliyekuwa mwenzake Wageningen, aliwahi kumwonyesha, na Beijerinck hakupata bakteria yeyote. Mrusi Ivanovski alikuwa ameonyesha mwaka 1892 kwamba maji ya majani yenye ugonjwa yanaambukiza hata baada ya kupita kwenye kichujio kinachozuia bakteria. Beijerinck alirudia jambo hilo kwa njia yake, akaona pia kwamba kitu hicho kinaongezeka ndani ya mmea ulio hai tu, akasema wazi kwamba hii ni aina nyingine ya uambukizo, si bakteria mdogo zaidi. Akakiita virusi. Kwa hiyo bibi yako akilalamika kwamba muhogo una batobato, na bwana shamba akasema ni virusi, mtoto wa mfanyabiashara wa tumbaku aliyefilisika yumo ndani ya mazungumzo hayo.

Mwaka 1905 alipewa Nishani ya Leeuwenhoek, heshima kubwa kabisa katika fani yake. Mwaka 1921, akiwa na miaka 70, sheria ya kustaafu ikamtoa maabara. Akahamia kijiji cha Gorssel na dada zake, akabaki na bustani na mimea yake. Kiti chake Delft kikachukuliwa na Albert Jan Kluyver, mtu mwenye tabia tofauti kabisa, aliyekaribisha wanafunzi na wageni kutoka nchi nyingi. Tunaposoma mikrobiolojia ya Delft leo, kwa kiasi kikubwa tunasoma mawazo ya Beijerinck yaliyobebwa na ukarimu wa Kluyver.

Hata kustaafu hakukumnyamazisha. Mwaka 1925 alichapisha maelezo ya bakteria mwenye umbo la kujipinda, Spirillum lipoferum. Wachache walijali. Tarehe 1 Januari 1931 Beijerinck akafariki, na bakteria yule akabaki amelala kwenye makaratasi. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi Johanna Döbereiner, aliyehamia Brazili kutoka Ulaya, alimkuta tena kwenye mizizi ya nyasi na nafaka. Siku hizi anaitwa Azospirillum, na Brazili wanampaka kwenye mbegu za mahindi kwa wingi. Hajengi kinundu. Anakaa kwenye mzizi na kandokando yake, anatoa homoni za ukuaji, na mzizi unatoa matawi na vinywele zaidi. Mzizi mpana unafikia maji na chakula ambavyo mzizi mfupi haufiki, kwa hiyo mvua ikikata wiki mbili mmea una pa kushikia. Naitrojeni anayoleta ni kidogo ukilinganisha na ile ya kinundu; faida kubwa iko kwenye mzizi.

Sasa tuje kwetu. Ile shule ya Wageningen alikofundisha bila furaha leo ni chuo kikuu, na ndicho kilichoongoza mradi wa N2Africa ulioanza mwaka 2009, ambao umefanya kazi na wakulima wa mikunde Kenya, Rwanda na Kongo, baadaye Uganda na Tanzania. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza chanjo ya mbegu ambayo sasa inauzwa kwa jina la Biofix. Hapa Tanzania, SUA iliwahi kutengeneza ya soya iliyoitwa Nitrosua. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema habari hii ni ya Wazungu na baridi yao.

Soya ndiyo inayohitaji chanjo zaidi, kwa sababu inachagua sana mgeni wa kumfungulia, na mara nyingi udongo wetu hauna yule inayemtaka. Kunde na karanga hazina maringo hayo. Hupatana na bakteria wengi wa kienyeji. Maharage yako katikati: yanafungulia wengi, lakini wengi wao ni wavivu.

Kuchanja mbegu ni kazi rahisi: unalowanisha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari ili unga ushike, unachanganya kivulini, unapanda siku hiyo hiyo, unafukia upesi. Ugumu ni kwamba ndani ya pakiti kuna viumbe hai. Nilipokuwa field msimu uliopita niliingia duka moja la pembejeo nikakuta pakiti za chanjo zimepangwa dirishani, jua la saa saba linazipiga. Muuzaji hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemweleza kwamba zile si mbolea ya chumvichumvi, kwamba joto linaua. Mkulima akinunua pakiti hiyo, akapanda, akaona hakuna tofauti, atasema wataalamu ni waongo. Na atakuwa na haki, maana hela yake imekwenda.

Kuna na lingine. Vijidudu havifanyi miujiza. Udongo usio na fosforasi, hata ukiwa na chanjo nzuri, hautatoa vinundu vya maana. Ukimwaga urea nyingi kwenye soya, mmea unaona hauna haja ya kumlisha mgeni, unapunguza vinundu. Urusi ya Kisovieti iliwahi kusambaza Azotobacter kwa mashamba mengi sana, na matokeo hayakuwa ya kutegemeka. Kwa hiyo mtu akija na chupa anayosema inaongeza kila zao, kwenye kila udongo, mwulize ni kiumbe gani kimo ndani, kina hai ngapi, na tarehe yake ya mwisho ni lini. Akikosa majibu, funga pochi.

Mimi nina ombi moja kwa jumuiya yetu. Nyuma ya mabweni kuna kipande cha ardhi kinachoota magugu mwaka mzima. Tupande mistari ya soya: mmoja umechanjwa, mmoja haukuchanjwa, mwingine umechanjwa na kuwekewa fosforasi. Ikifika wiki ya maua tung'oe kwa jembe, si kwa mkono, ili vinundu visibaki ardhini. Tuvioshe, tuvihesabu, tuvipasue tuone rangi. Tuwaite wakulima wa jirani na wenye maduka ya pembejeo waje kuona kwa macho yao, na tuwaandalie chai. Kazi kama hii Beijerinck angeifanya peke yake, mlango umefungwa. Sisi tuifanye mlango ukiwa wazi. Anayetaka kushika jembe ajiandikishe kwa katibu wa taaluma kabla ya mvua kuanza.